Nitish Kumar wa Bihar: kiapo mara kumi, na hesabu iliyo nyuma yake

Mwishoni mwa Januari 2023 Nitish Kumar, wakati huo Waziri Kiongozi wa jimbo la Bihar nchini India, aliwaambia waandishi wa habari kwamba heri afe kuliko kurudi kushirikiana na BJP, chama cha Waziri Mkuu Narendra Modi. Wiki chache baadaye Amit Shah, waziri wa mambo ya ndani na mkono wa kulia wa Modi, alisimama jukwaani huko huko Bihar akajibu: milango ya BJP imefungwa kwa Nitish moja kwa moja. Tarehe 28 Januari 2024 Nitish alijiuzulu asubuhi, na jioni yake akaapishwa upya, BJP wakiwa ndani ya serikali yake. Hakufa, na milango ilifunguka.

Hicho kilikuwa kiapo chake cha tisa kwa cheo kilekile. Cha kumi alikula tarehe 20 Novemba 2025 katika uwanja wa Gandhi Maidan mjini Patna, Modi mwenyewe akiwepo. Kati ya kiapo cha kwanza na cha kumi imepita miaka 25, na ndani ya miaka hiyo ameihama BJP mara mbili na kuirudia mara mbili. Safari zote mbili alizohama aliishia kwa Lalu Prasad Yadav, mkongwe mwingine wa siasa za Bihar, ambaye Nitish alijijengea jina kwa kumpinga.

Wapinzani wamembandika jina la Paltu Ram, jina la mtu asiyeacha kugeuka. Sisi tungemwita kigeugeu na kuendelea na mambo yetu. Lakini kejeli haijibu maswali mawili yaliyo na uzito zaidi. Kwa nini wapigakura hawajawahi kumfukuza kabisa? Na kwa nini vyama vinavyomtukana leo humpa kiti kikubwa kesho, hata pale ambapo vyenyewe vina wabunge wengi kuliko yeye?

Bihar, na waziri kiongozi asiyepigiwa kura

Mtu wa Afrika Mashariki anaweza kukaa jirani na Wahindi maisha yake yote asikutane na Mbihari hata mmoja. Wahindi wa kwetu wengi asili yao ni Gujarat, Kutch, Punjab na Goa. Wabihari wa enzi za ukoloni walipakiwa melini kwa mikataba ya kibarua kwenda kukata miwa Mauritius, Fiji, Trinidad na Suriname. Jimbo lao liko upande wa mashariki wa India, limepakana na Nepal kwa kaskazini, na Mto Ganga unalikata katikati. Kwa hesabu iliyofanywa na serikali ya jimbo mwaka 2023 lina watu zaidi ya milioni 130, kuliko Tanzania na Kenya zikijumlishwa kwa sensa zao za karibuni. Mwaka 2000 karibu nusu ya eneo lake, ile ya kusini yenye makaa ya mawe na chuma, ilimegwa ikawa jimbo la Jharkhand. Bihar ikabaki na mashamba, mafuriko na watu.

Bunge la jimbo lina viti 243, kwa hiyo wingi ni 122. Mwenye uwezo wa kuonyesha wabunge 122 nyuma yake ndiye anayeitwa na gavana kula kiapo cha waziri kiongozi. Hatakiwi chama chake kiwe kikubwa kuliko vyote, wala hatakiwi awe amegombea kiti. Bihar ni miongoni mwa majimbo sita tu ya India yenye baraza la pili la kutunga sheria, ambalo wajumbe wake hawachaguliwi moja kwa moja na wananchi wote, na mjumbe wa baraza hilo anaweza kuwa waziri kiongozi. Nitish amepitia mlango huo miaka yote. Mara ya mwisho jina lake kuwekwa mbele ya mpigakura wa kawaida ilikuwa uchaguzi wa bunge la taifa wa 2004, aligombea sehemu mbili kwa pamoja, akashindwa Barh na kushinda Nalanda. Tangu hapo ameongoza kampeni baada ya kampeni, yeye mwenyewe hagombei.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo watu wengi hulichanganya. India ina sheria ya tangu 1985 inayomvua kiti mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni. Mbona basi Nitish haguswi? Kwa sababu yeye hajahama chama. Chama chake, Janata Dal (United), hufupishwa JD(U), ndicho kinachotoka muungano huu na kuingia ule, wabunge wake wote wakiwa ndani. Sheria inambana mbunge mmoja mmoja. Muungano wa vyama haiugusi. Akitaka kugeuka, anaandika barua ya kujiuzulu, anaipeleka kwa gavana, halafu anarudi na orodha mpya ya wabunge. Mwaka 2017 zoezi lote, tangu barua hadi kiapo, lilimalizika chini ya saa 24.

Mhandisi wa umeme na mwenzake Lalu

Alizaliwa tarehe 1 Machi 1951 Bakhtiarpur, mji mdogo wa reli si mbali na Patna. Baba yake alikuwa tabibu wa dawa za asili za Kihindi na mmoja wa waliopigania uhuru. Mwana akasomea uhandisi wa umeme Patna, na angeweza kuzeekea katika shirika la umeme la jimbo kama si mwaka 1974.

Mwaka huo wanafunzi wa Bihar waliingia barabarani kupinga ufisadi na ugumu wa maisha, wakamwomba mzee Jayaprakash Narayan, mpigania uhuru aliyekuwa amekaa kando ya siasa za vyama, awaongoze. Indira Gandhi, Waziri Mkuu wa India wa wakati ule, alijibu mwaka uliofuata kwa kutangaza hali ya hatari na kuwaweka ndani wapinzani wake. Kutoka katika vuguvugu hilo ndipo walipochipuka karibu wakubwa wote wa siasa za Bihar kwa nusu karne iliyofuata: Lalu Prasad Yadav, Ram Vilas Paswan, Sushil Modi wa BJP, na Nitish. Ukilijua hili hutashangaa kuona watu wanatukanana hadharani halafu wanakumbatiana. Walikuwa vijana pamoja, wakakimbizwa na polisi pamoja.

Nitish hakuwa nyota wao. Mwaka 1977, upepo wa chama cha upinzani cha Janata ulipomng'oa Indira na kuwapitisha hata wagombea wasiojulikana, yeye alishindwa katika kiti cha Harnaut. Akarudia 1980, akashindwa tena. Alipata ubunge wa jimbo mwaka 1985, na wa taifa mwaka 1989. Lalu ndiye aliyekuwa na kipaji cha jukwaa: mtoto wa wafugaji, mcheshi, anayezungumza lugha ya kijijini hadi umati unalia kwa kicheko. Lalu alipochukua uwaziri kiongozi mwaka 1990, Nitish alikuwa mmoja wa waliomsukuma na kumpangia hesabu. Tangu mwanzo alikuwa mtu wa penseli na karatasi.

Matabaka, au kwa nini Nitish aliondoka

Hapa inabidi tukae kidogo, maana bila matabaka hakuna siasa ya Bihar.

Kila Mhindu huzaliwa ndani ya tabaka, na Bihar ina mamia ya matabaka. Juu kuna Wabrahmin, Warajput, Wabhumihar na Wakayastha, ambao kwa miongo kadhaa ya mwanzo ya uhuru ndio walioshika ardhi, ofisi na chama cha Congress. Chini kabisa kuna Wadalit, waliokuwa wakihesabiwa najisi. Katikati kuna kundi kubwa mno la matabaka ya wakulima, wafugaji, mafundi, wavuvi, wasuka vikapu, ambalo serikali huliita matabaka yaliyo nyuma kimaendeleo. Mwaka 1978 Karpoori Thakur, waziri kiongozi aliyezaliwa katika tabaka la vinyozi, aliwatengea nafasi katika ajira za serikali. Akafanya jambo ambalo wakati ule lilionekana dogo: aliligawa kundi hilo mara mbili, wale walio nyuma, na wale walio nyuma zaidi, kila upande ukiwa na fungu lake.

Mwaka 1990 serikali ya V. P. Singh mjini Delhi ilitangaza asilimia 27 ya ajira za serikali kuu kwa matabaka ya katikati nchi nzima. Lalu akapanda wimbi hilo. Aliwaambia wanyonge wakae kwenye viti mbele ya bwana mwenye shamba, na hilo lisipuuzwe: kwa mamilioni ya watu, miaka ya Lalu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuingia ofisi ya serikali bila kuinama. Lakini muda ukapita na ikaonekana kwamba walioinuka zaidi ni Wayadav, tabaka lake Lalu, lenye watu wengi kuliko tabaka jingine lolote katika jimbo. Mafundi na wavuvi waliendelea kusubiri.

Nitish ni Mkurmi, tabaka la wakulima lenye watu chini ya 3 kati ya kila 100 Bihar. Idadi hiyo haitoshi kumfikisha mtu popote. Februari 1994 alipanda jukwaa la mkutano mkubwa wa Wakurmi pale Gandhi Maidan, ishara kwamba uvumilivu umekwisha, na mwaka huo huo akaungana na George Fernandes, kiongozi wa zamani wa wafanyakazi wa reli, kuunda chama cha Samata, ambacho baadaye kiliunganishwa na JD(U). Wakaenda peke yao katika uchaguzi wa 1995, wakapata viti 7 kati ya 324 vya wakati huo.

Nadhani viti hivyo 7 vinaeleza maisha yake kuliko hotuba zake zote. Alijifunza kwamba peke yake hafiki. Mwaka uliofuata, msoshalisti huyu aliyelelewa katika siasa za kutochanganya dini na dola aliingia katika muungano na BJP, chama cha utaifa wa Kihindu. BJP walikuwa na matabaka ya juu, walioogopa Lalu. Yeye alikuwa na wale wa katikati waliochoshwa na Lalu. Kwa pamoja wangeweza kutosha.

Siku saba, kisha miaka mingi

Delhi ilimpa wizara. Agosti 1999, alipokuwa waziri wa reli, treni mbili ziligongana uso kwa uso Gaisal, West Bengal, wakafa karibu watu 300, naye akajiuzulu kwa kukubali dhamana. Hadi leo watetezi wake hulitaja tukio hilo, na wana haki. Wakosoaji nao wana lao: alikuwa amerudi wizara hiyo hiyo Februari 2002, treni ya mahujaji wa Kihindu ilipoungua Godhra na Waislamu wa Gujarat wakauawa kwa mamia katika ghasia zilizofuata, Modi akiwa waziri kiongozi wa jimbo hilo. Safari hiyo Nitish hakujiuzulu.

Kiapo cha kwanza alikula tarehe 3 Machi 2000. Wabunge hawakutosha, akaondoka baada ya siku saba kabla hata ya kupigiwa kura ya imani. Aliyerudi ofisini ni Rabri Devi, mke wa Lalu, ambaye mumewe alimkalisha kwenye kiti hicho mwaka 1997 alipoelekea gerezani kwa kashfa ya fedha za malisho ya mifugo. Ilibidi kusubiri hadi Novemba 2005 ndipo Nitish na BJP walipopata viti 143.

Miaka mitano iliyofuata ndiyo bora katika maisha yake ya kisiasa, na sina shaka katika hilo. Bihar ya wakati ule watu walifunga maduka kabla ya magharibi. Utekaji wa watu kwa ajili ya kudai fidia ulikuwa biashara. Serikali yake iliharakisha kesi za silaha haramu, na majambazi waliokuwa wakiingia bungeni kwa mguu wa kulia wakaanza kuingia jela. Barabara zikajengwa. Walimu wakaajiriwa kwa wingi, ingawa wengi wao kwa mikataba ya malipo duni.

Halafu zikaja baiskeli. Msichana aliyefika darasa la tisa alipewa rupia 2,000 za kununua baiskeli. Shule za sekondari zilikuwa mbali, na wazazi walikuwa wakiwaachisha masomo mabinti hapo hapo. Watafiti wa uchumi waliofuatilia mpango huo walikuta uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32. Takwimu ni nzuri, lakini kilichogeuza siasa ni kile kilichoonekana: makundi ya wasichana wenye sare wakipita barabarani kwa baiskeli, katika jimbo ambalo binti aliyebalehe alitakiwa abaki nyumbani.

Mwaka 2006 alitenga nusu ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa wanawake, jimbo la kwanza India kufanya hivyo. Humo humo akatenga viti kwa wale walio nyuma zaidi, mgawanyo ule wa Karpoori Thakur. Mwaka uliofuata akaunda tume ya Wadalit walio duni kuliko Wadalit wengine na kuwapangia misaada ya pekee; taratibu karibu matabaka yote ya Kidalit yakaingizwa humo, isipokuwa Wapaswan. Kwa nini hao? Kwa sababu walikuwa na kiongozi wao, Ram Vilas Paswan, mshindani wake. Huruma na hesabu kwa Nitish hutembea pamoja, na mara nyingi ni vigumu kuona mpaka wake.

Alichokifanya ni kuwakusanya wasio na mwenyewe. Wayadav na Waislamu walikuwa na Lalu. Matabaka ya juu yalikuwa na BJP. Katikati walibaki matabaka madogo zaidi ya mia moja, ambayo kila moja peke yake halifiki hata asilimia 3 au 4, pamoja na wanawake wa matabaka yote, ambao hakuna chama kilichowahi kuwahesabu kama kundi. Aliwafanya wawe wake. Mwaka 2010 muungano wake ulizoa viti 206 kati ya 243, na Lalu akabaki na 22.

Chakula cha usiku kilichofutwa

Kiini cha mgogoro wake na Modi linaonekana vizuri katika siku mbili tatu za Juni 2010. Viongozi wakuu wa BJP walikuja Patna kwa mkutano, na Nitish, kama mwenyeji, aliwaandalia chakula cha usiku nyumbani kwake. Siku ya mkutano magazeti ya Patna yakatoka na tangazo kubwa: picha ya Nitish na Modi wameshikana mikono juu, iliyopigwa kwenye mkutano wa kampeni mwaka uliotangulia. Matangazo mengine yalikumbusha jinsi Gujarat ilivyoisaidia Bihar baada ya mafuriko ya mto Kosi ya 2008. Nitish, ambaye alihitaji kura za Waislamu na alikuwa akihakikisha Modi hakanyagi kampeni za Bihar, alikasirika. Kumtangazia mtu wema uliomfanyia ni kumvunjia heshima, alisema kwa maneno yake. Chakula kikafutwa, na serikali yake ikairudishia Gujarat rupia milioni 50 za msaada wa mafuriko.

Juni 2013, ilipokuwa wazi kwamba Modi ndiye atakayeongoza BJP kuelekea uchaguzi mkuu, Nitish akavunja ndoa ya miaka 17. Akagombea 2014 bila BJP wala Lalu. Kati ya viti 40 vya Bihar katika bunge la taifa alipata 2, ingawa wapigakura karibu 16 kati ya kila 100 walimchagua. Somo la 1995 likajirudia. Akajiuzulu, akamwachia kiti Jitan Ram Manjhi wa tabaka la chini kabisa, akidhani atamwongoza kwa mbali. Manjhi akaanza kujiamulia mambo, na Februari 2015 Nitish akamng'oa na kurudi.

Sasa akamwendea Lalu. Uchaguzi wa 2015 ulikuwa na vituko vyake. Modi alisema hadharani kwamba kuna kasoro katika DNA ya kisiasa ya Nitish. Nitish akasema Wabihari wote wametukanwa, na wafuasi wake wakaanza kukusanya nywele na kucha za watu ili zipelekwe Delhi zikapimwe. Muungano wake na Lalu na Congress ukapata viti 178. Hesabu ilikuwa ileile ya 2005, upande mwingine tu. Chama cha Lalu kilipata viti 80 na chake 71, lakini kiti kikubwa kilikuwa chake.

Miezi 20 baadaye wapelelezi walimhusisha Tejashwi Yadav, mtoto wa Lalu na naibu wa Nitish, na kesi ya rushwa ya hoteli za reli. Nitish akasema hawezi kukaa na asiyejisafisha, akajiuzulu tarehe 26 Julai 2017, na tarehe 27 akaapishwa na BJP. Kesi ilikuwa ya kweli. Lakini Lalu alishatiwa hatiani kwa kashfa ya malisho tangu 2013, na hilo halikumzuia Nitish kugombea naye mwaka 2015. Mimi naona usafi ulikuwa mlango uliokuwa karibu, si sababu ya kutoka.

Pombe

Kabla ya uchaguzi wa 2015, wanawake katika mkutano mmoja Patna walimwomba apige marufuku pombe, akaahidi hapo hapo. Aprili 2016 Bihar yote ikawa jimbo lisilo na pombe halali. Wanawake wengi vijijini walifurahi na wengi bado wanaitetea sheria hiyo: mshahara unafika nyumbani, vipigo vimepungua.

Upande wa pili wa sarafu si mzuri. Watu waliokamatwa ni mamia kwa maelfu, wengi wao maskini wa matabaka yale yale anayoyatetea, na mahakama zikajaa kesi za pombe kiasi kwamba jaji mkuu wa India aliitaja hadharani mwaka 2021 kama mfano wa sheria iliyotungwa bila kuona mbali. Pombe haikuisha, ilihamia kwa wapika gongo na wasafirishaji wa magendo. Desemba 2022 makumi ya watu walikufa wilayani Saran kwa kunywa pombe yenye sumu. Nitish akajibu bungeni kwamba anayekunywa atakufa. Aliyeagiza baiskeli na aliyesema maneno hayo ni mtu mmoja, na tatizo ni kwamba wanawake wake hawakumwacha kwa ajili ya maneno hayo.

Kupungua, na kupanda tena

Mwaka 2020 BJP na JD(U) walishinda kwa shida, viti 125. Ndani ya ushindi huo Nitish alikuwa amefilisika: chama chake kilitoka na 43, BJP 74. Chirag Paswan, mtoto wa Ram Vilas, alikuwa amesimamisha wagombea wa kumla Nitish kura huku akimsifu Modi, na Nitish hakuamini kamwe kwamba BJP hawakujua. Hata hivyo wakampa kiti. Agosti 2022 akawageuka, akarudi kwa Tejashwi.

Safari hii alitaka kitu kikubwa zaidi. Juni 2023 aliwakutanisha wapinzani wa Modi Patna, mkutano uliozaa muungano wa kitaifa wa INDIA. Oktoba mwaka huo serikali yake ikatoa hesabu ya matabaka ya watu wote wa jimbo. Walio nyuma zaidi, wale mafundi na wavuvi wake, walikuwa asilimia 36, kundi kubwa kuliko yote. Wayadav walikuwa asilimia 14. Hesabu hiyo hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya familia za Bihar ziliishi kwa rupia 6,000 au chini yake kwa mwezi. Aliyesherehekea asilimia ya kwanza ilipaswa aulizwe juu ya hiyo ya pili, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitawala kwa sehemu kubwa ya miaka 18 iliyopita. Viwanda havikuja. Vijana wa Bihar bado hujaza treni kwenda kufanya kazi Punjab, Delhi, Gujarat na Mumbai, na katikati ya 2024 madaraja zaidi ya kumi yalibomoka ndani ya wiki chache, katika jimbo la waziri kiongozi mhandisi.

Muungano wa INDIA haukumpa uongozi aliodhaniwa kuutamani. Tarehe 23 Januari 2024 serikali ya Modi ikatangaza kumtunuku marehemu Karpoori Thakur nishani ya juu kabisa ya taifa. Siku tano baadaye Nitish akawa upande wa Modi, kama tulivyoanza.

Bahati ikamkuta tena. Uchaguzi mkuu wa 2024 uliiacha BJP na viti 240 kati ya 543, pungufu ya wingi, na viti 12 vya Nitish vikawa miongoni mwa nguzo zinazoishika serikali ya Delhi. Mwanasiasa wa jimbo moja maskini akawa anasikilizwa kila bajeti.

Septemba 2025, uchaguzi wa jimbo ukinukia, serikali ilianza kuwawekea mamilioni ya wanawake rupia 10,000 kila mmoja kwenye akaunti zao za benki kama mtaji wa biashara ndogo. Wapinzani waliita hongo. Siku za kura, kati ya kila wanawake 100 walioandikishwa walijitokeza zaidi ya 71. Wanaume karibu 63. Muungano wa Nitish na BJP ukapata viti 202. Chama cha Tejashwi ndicho kilichopata kura nyingi kuliko chama kingine chochote, asilimia 23, kikatoka na viti 25, kwa sababu mfumo wa anayeongoza kwa kura ndiye mshindi hauna huruma na aliye na wengi sehemu chache bila marafiki sehemu nyingine. Ni adhabu ile ile aliyoionja Nitish mwaka 2014.

Chama cha Nitish kilipanda kutoka viti 43 hadi 85, BJP ikapata 89. Toa 85 katika 202, inabaki 117: BJP na washirika wengine wote hawafiki 122 bila yeye. Lakini geuza karatasi upande wa pili. Muungano wa Tejashwi wote ulipata 35. Ukijumlisha na 85 za Nitish unapata 120. Kwa mara ya kwanza tangu 2015, kuhamia upande ule pekee hakukutosha kumpa serikali. Angehitaji pia wabunge watano wa AIMIM, chama cha Asaduddin Owaisi wa Hyderabad, kinachosimamia Waislamu wa mpakani na ambacho Tejashwi alikikataa kwenye muungano wake kabla ya uchaguzi.